Kisu cha Kufyatuka na Kisu cha Kusaidiwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Diaca, wilaya ya Mocímboa da Praia, na kuchapwa hapa kwa ajili ya wasomaji wa pande zote mbili za Ruvuma

Sogeeni mbele, kwa maana vitu tutakavyowaonyesha ni vidogo, na aliye mbali hataviona.

Tumepewa saa hii tuzungumze juu ya visu vya mfukoni. Huenda wengine wakaona ni ajabu. Wilaya hii imesikia risasi na mabomu, imehama na kurudi, nao polisi wanakuja kuhubiri habari ya kisu cha kukunja? Sababu ipo. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, panga na kisu havikubaki kuwa vyombo vya shamba peke yake machoni pa watu wa hapa. Mei 2018, huko Monjane wilayani Palma, watu kumi walichinjwa. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, ng'ambo ya mto mkoani Mtwara, nacho kilivamiwa. Hatuyataji haya ili kutonesha vidonda. Tunayataja kwa sababu kijana anayesimamishwa leo kwenye kituo cha ukaguzi, akatoa mfukoni kitu kinacholia "cha!" na ubapa ukachomoza, amesimama mbele ya askari ambaye naye amezika wenzake. Kati ya mlio ule na kidole cha askari muda ni mfupi mno. Na kijana yule pengine alitaka kumenya chungwa tu.

Basi tuanze na vitu vyenyewe. Mezani hapa pana visu vinne.

Cha kwanza mnakijua kuliko sisi: kisu cha ala. Ubapa na mpini vimeshikamana daima, hakikunjwi. Mgema hupanda nacho mnazi, mvuvi hukifunga kiunoni, mchongaji wa Kimakonde huwa navyo kadhaa kando ya tezo lake. Hakina siri. Ukikiona kwenye ala unaujua urefu wake kabla hakijachomolewa.

Cha pili ni kisu cha kukunja cha kawaida. Ubapa wake hulala ndani ya mpini, na hufunguliwa kwa ukucha au kwa mikono miwili. Kusini mwa Afrika hakuna kinachojulikana kama Okapi, hiki chenye mpini wa mbao. Historia yake inatugusa kidogo: kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na koloni lao la jirani lilikuwa hilo ng'ambo ya Ruvuma. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Springi ya mgongoni mwake haikifungui. Kazi yake ni kuushika ubapa usirudi ukakata vidole, na ukitaka kuufunga unavuta pete hii ndogo. Mlio wake unapofunguliwa, kra-kra-kra, umewatisha wengi, lakini ni mlio tu. Kazi yote ya kufungua imefanywa na mkono wa mtu.

Cha tatu ndicho kinacholeta maneno. Ubapa unapolala ndani ya mpini wa kisu hiki, springi inakuwa imekazwa, kama mtego uliotegwa. Penye mpini pana kitufe. Ukikibonyeza, kikomeo kinaachia, na springi peke yake inautupa ubapa nje, ama kwa upande, ukizunguka kwenye bawaba, ama moja kwa moja kupitia mdomo wa mpini. Kidole hakikuugusa ubapa hata kidogo. Kwa Kireno hukiita navalha de ponta e mola, kisu cha ncha na springi. Sisi leo tukiite kisu cha kufyatuka.

Cha nne, kwa macho, ni pacha wa cha tatu. Lakini mpini wake hauna kitufe cha kufungulia. Panapoguswa ni ubapa wenyewe, ambao una kijinundu hapa ubavuni, au kijiti cha chuma kinachochomoza nyuma ya mpini. Kikiwa kimefungwa, springi yake huuvuta ubapa ubaki ndani, na kidole lazima kiusukume kwanza ili kuushinda mvuto huo. Ukishafunguka kidogo, springi inageuka, inausukuma mbele na kumaliza safari. Tukiite kisu cha kusaidiwa, maana mtu huanza na springi humalizia.

Tofauti ni hiyo tu. Katika nchi moja inatosha kumtoa mtu mahakamani akiwa huru, na katika nchi nyingine haimsaidii chochote. Askari wenzetu mliopo hapa, tunawaomba mzoee kuuliza kidole kinabonyeza wapi, kwenye mpini au kwenye ubapa. Msikiandike kisu kuwa cha kufyatuka kwa sababu tu kilifunguka upesi. Mtu aliyezoea huifungua Okapi kwa mkono mmoja upesi hata ukadhani ni mazingaombwe, na bado ile ni Okapi. Atakayepelekwa mbele ya hakimu kwa jina lisilo la kisu chake amedhulumiwa, na hata kama alikuwa na nia mbaya, kesi yake itavunjika kwa kosa la mwandishi.

Sheria za kukataza springi hazikuzaliwa kwetu. Marekani ilipitisha sheria ya shirikisho dhidi ya visu vya kufyatuka mwaka 1958, na Uingereza ikatunga yake mwaka 1959. Zama hizo filamu zilijaa vijana wahuni wenye visu vya namna hiyo, na hofu ya wazazi ikafika bungeni. Kisu cha kusaidiwa kilikuwa bado. Kilienea sokoni miaka ya 1990, na kilipokuja wanasheria walijikuta na kitu ambacho si ndege wala si popo. Mwaka 2009 idara ya forodha ya Marekani ilipendekeza kukihesabu pamoja na kisu cha kufyatuka, ili kizuiwe kuingia nchini. Bunge likaingilia kati mwaka huohuo, likaandika kwamba kisu ambacho springi yake huuvuta ubapa ubaki umefungwa, na kinachohitaji nguvu ya mkono juu ya ubapa ili kuushinda mvuto huo, hakimo katika katazo.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Sheria yake ya zamani ilizungumzia kitufe au springi iliyo kwenye mpini. Kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo kwa habari ya visu hivi ilianza kutumika Julai 2021, maneno yalipanuliwa yakahusu kifaa kilicho popote katika kisu. Kwa badiliko hilo dogo kisu cha kusaidiwa kikaingia kwenye katazo, hata kukiweka nyumbani kabatini. Chuma ni kilekile, springi ni ileile, na mataifa mawili yanayosema lugha moja yamekihukumu kinyume.

Ureno nayo, ambayo baadhi yenu mna ndugu huko, ina Sheria namba 5 ya mwaka 2006. Hiyo inakitaja kisu cha ponta e mola kwa jina, na kukieleza kuwa kile ambacho ubapa wake hupatikana papo hapo kwa nguvu ya springi iliyokazwa au mfumo mwingine ulio sawa nayo, nacho kimekatazwa bila kujali urefu wa ubapa. Mtasikia kwamba maneno hayo hayaulizi kidole kiligusa wapi. Mwenye kisu cha kusaidiwa asitegemee ulimi wake kumwokoa katika uwanja wa ndege wa Lisbon.

Sasa turudi nyumbani. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1886, ya Wareno, iliendelea kutumika Msumbiji muda mrefu baada ya uhuru wa 1975, mpaka ilipobadilishwa kwa Sheria namba 35 ya mwaka 2014. Ndani yake silaha za makali ziliwekwa pamoja na za moto katika kosa la kuunda, kuingiza, kuuza au kuweka silaha bila ruhusa. Kanuni ya sasa ni ya Sheria namba 24 ya mwaka 2019. Kutokana na urithi huo, katika karatasi za polisi na za mahakama mtaliona neno armas brancas, ambalo kwa tafsiri ni silaha nyeupe, na maana yake ni kisu, panga, shoka na kila chenye makali kinapochukuliwa kuwa silaha. Tunasisitiza: kinapochukuliwa kuwa silaha. Mkulima hahitaji leseni ya panga lake, wala mvuvi ya kisu chake cha ala. Kazi yao inajieleza yenyewe, tena inaonekana mikononi mwao na katika nguo zao. Kisu cha kufyatuka hakina shamba la kukitetea, na jina lake la Kireno linanuka magomvi ya baa tangu zamani. Anayekutwa nacho barabarani usiku, kati ya Mueda na Awasse, anaanza mazungumzo akiwa na deni.

Ukivuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Negomano, lililofunguliwa Mei 2010, au kwa maji kati ya Namoto na Kilambo, unaingia chini ya jicho jingine. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti silaha na risasi, ya mwaka 2015, inahusu bunduki. Kisu kinaangukia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambamo mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, ametenda kosa, na silaha yake yaweza kutaifishwa. Hapo springi haikutajwa. Linalotazamwa ni namna ulivyokishika, mahali ulipokuwa na sababu uliyonayo. Kenya, kwa sheria yake ya utulivu wa umma, humwadhibu anayekutwa hadharani na silaha ya kudhuru bila sababu ya msingi, na ni yeye anayepaswa kuithibitisha sababu hiyo. Afrika Kusini, wanakokwenda vijana wetu wengi, ilitunga mwaka 2013 sheria ya silaha za hatari ambayo hutazama mazingira: je, yanatia shaka ya haki kwamba mtu anakusudia kukitumia kitu hicho kwa uhalifu? Kwa hiyo kisu kimoja mfukoni mwa msafiri mmoja huulizwa maswali yasiyofanana kadiri anavyosafiri. Hapa huulizwa ni chombo gani, pale huulizwa kinafunguka vipi, kule huulizwa unakwenda nacho wapi. Msafiri mwenye busara hubeba kile ambacho kina jibu jema kwa maswali yote matatu.

Hapo tunafika kwenye faida, na hapa tungependa kukaa zaidi, kwa kuwa vijana hutuambia: "Hicho cha springi ni bora, kinafunguka kwa mkono mmoja." Ni kweli, mkono mmoja una maana. Mvuvi aliyenaswa mguu na kamba ya nanga hana mkono wa pili. Mtu aliye juu ya mnazi ameukumbatia mti kwa mkono wa kushoto. Dereva aliyepinduka na gari njia ya Macomia, mkanda umembana, ana mkono mmoja tu wa kujikatia. Lakini jiulizeni pamoja nasi: ni kisu gani kinachokuwa tayari upesi kuliko vyote? Ni kile ambacho hakina cha kufunguliwa. Kisu cha ala unakichomoa na kazi imeanza. Mgema hajawahi kuhitaji springi, na wala hajawahi kuchelewa.

Basi springi inaongeza nini ambacho ala haina? Tumeitafakari sana, na jibu letu ni moja. Springi humwezesha mtu kuuficha ubapa mrefu ndani ya mpini mfupi, katika kiganja, asionekane, kisha kuudhihirisha ghafla. Faida yake hasa ni siri na ghafla. Katika kuparua samaki siri haisaidii kitu, wala katika kukata muhogo. Mahali pa pekee ambapo siri na ghafla vina thamani kubwa ni mbele ya mtu mwingine, na ndilo jambo ambalo watunga sheria wa 1958 walilihofu, pamoja na filamu zao. Wale waliofika Maskati wamewaona Waomani wakivaa khanjari mbele ya tumbo katika sherehe, na hakuna mtoto anayekimbia. Silaha ile iko wazi, kila mtu anaiona tangu mbali.

Kuna na mambo ya ufundi. Springi ni chuma chembamba kilichokazwa, na pwani yetu ni ya chumvi na mchanga. Chumvi huila springi kwanza kabla ya kuula ubapa. Mchanga ukiingia penye bawaba, kisu cha kufyatuka huishia nusu ya njia, ubapa haukukomewa wala haukufungwa, na hapo ndipo unapoanguka juu ya vidole. Kitufe nacho hubonyezwa na chochote: funguo, sarafu, kiti cha pikipiki. Fikirini ubapa unaofunguka peke yake ndani ya mfuko wa suruali ya mtu aliyekaa, na hatutaendelea, kwa kuwa mama zetu wapo. Kisu cha kusaidiwa ni afadhali kidogo kwa hilo, maana springi yake huuvuta ubapa ndani mpaka usukumwe, lakini nacho kina tundu za kushika damu ya samaki na utomvu wa korosho, na kukiosha vizuri ni kukifungua parafujo. Wakati wa kukifunga unashindana na springi ileile iliyokusaidia, na mkono ulioloa huteleza.

Anayetaka kisu kizuri tunamshauri anunue jiwe la kunolea kabla ya springi. Kisu butu ndicho kinachomkata mwenyewe, kwa sababu hukisukuma kwa nguvu mpaka kinamponyoka. Wazee husema mtoto akililia wembe, mpe. Kwa heshima zote, katika habari ya kisu cha kufyatuka tunaomba kupingana na wazee. Mtoto wa miaka kumi na mitano anayekililia kisu hicho halilii kazi. Analilia ule mlio mbele ya wenzake. Akiupata, siku ya ugomvi wa mpira mlio ule utaitwa tena, na makovu ya siku hiyo hayatabaki kwake peke yake.

Yuko mtu mmoja ambaye hatutaki kumpita haraka. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwezi Septemba 2015, lakini mabomu hayo yaliacha watu waliopoteza viungo kabla ya hapo, na vita ya sasa imeongeza wengine. Aliyebakiwa na mkono mmoja hawezi kufungua kisu cha ukucha bila kutumia meno. Kwake springi si mchezo. Wamarekani waliliona hilo hata katika sheria yao kali: mtu mwenye mkono mmoja ameruhusiwa kubeba kisu cha kufyatuka ambacho ubapa wake hauzidi inchi tatu, karibu sentimita saba na nusu. Kwa mtu wa namna hiyo hapa Diaca ushauri wetu ni kisu cha ala, ala yake ikishonwa imara kwenye mkanda upande wa mkono uliopo, kwa kuwa hakimtii shaka askari yeyote. Naye askari akimkuta mtu huyo na kisu cha kusaidiwa chenye ubapa mfupi, atazame mkono wake kwanza kabla ya kutazama springi, amsikilize, na ayaandike maneno yake kama yalivyosemwa.

Kabla hatujaanza, mama mmoja alituita kando. Mwanawe alitumiwa zawadi na mjomba wake anayefanya kazi Johannesburg: kisu cha kusaidiwa, kizuri, kimo ndani ya boksi lake. Aliuliza akitupe, akizike, au akilete kwetu usiku. Mama, usikizike na usije usiku. Tulimwambia, na tunarudia mbele yenu kwa sababu hakuwa peke yake mwenye swali hilo. Kibaki nyumbani, kifanye kazi za nyumbani, kisisafiri, kisiende baa, kisiende shule wala mkutanoni, na kijana asijifunze kukichezea barazani. Ikiwa hofu haimwishi, na akitulie mwenyewe moyo kwa kukitoa, akilete kituoni mchana, ndani ya boksi, akiwa na mzee wa mtaa, na aandikiwe karatasi. Kama kingekuwa cha kitufe tungemshauri akilete bila kungoja.

Kwa wafanyabiashara maneno yetu ni mafupi. Mtu mmoja mwenye kisu kimoja anaweza kueleza. Mtu mwenye visu thelathini vya kufyatuka ndani ya gunia la nguo, kutoka upande wowote wa mto, ataulizwa na watu wengi zaidi ya polisi, na kwa majira haya hatamwona mwenye haraka ya kumwamini. Bidhaa zenye makali za shambani na jikoni ziandikwe kwenye karatasi za forodha kwa jina lake, zifungwe pamoja, zisitiwe katikati ya bidhaa nyingine.

Limebaki la kituo cha ukaguzi. Barabara ya kutoka Mueda kupita hapa kuteremkia Mocímboa da Praia ina askari wa nchi zaidi ya moja. Wanyarwanda waliofika Julai 2021 wengi wao huelewana nanyi kwa Kiswahili, na baadhi ya wenzetu wa kutoka kusini hawakijui, kwa hiyo jifunzeni kulisema jambo hili kwa lugha mbili. Sema kabla ya kupekuliwa: nina kisu, kiko mfuko huu, ni cha kazi hii. Tenho uma faca. Mikono ionekane. Usikitoe mwenyewe hata ukiambiwa kwa haraka, uliza kwanza, "Nikitoe?" na ungoje jibu. Panga liwe limefungwa kwa kitambaa au kamba kwenye baiskeli, makali chini. Wavuvi na wagema, kisu kiwe ndani ya ala yake na ala iwe mahali panapoonekana.

Na ninyi askari: mkulima anayetoka shamba na panga saa kumi na moja jioni anatoka kazini, wala hana la kujitetea zaidi ya hilo. Muulizeni shamba liko wapi, kazi gani, nani anamjua. Majibu matatu ya kweli hupatikana kwa dakika mbili. Hakuna faini ya kisu inayolipwa mkononi barabarani. Hiyo hamtaiona katika sheria yoyote tuliyoitaja leo, ya nchi yoyote.

Kisu kikichukuliwa, mwananchi ana haki ya karatasi. Upande huu huitwa auto de apreensão, hati ya kukamata mali. Upande wa Tanzania sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai humtaka askari atoe risiti ya alichokichukua. Ndani yake kiandikwe kisu kwa umbo lake: urefu wa ubapa, rangi ya mpini, kina kitufe au hakina, kilifunguliwa kwa kuguswa wapi, kilikutwa mfuko gani. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, Kimakonde, Kimwani au Kiswahili, kabla ya kutia kidole. Akiona kwamba kisu chake cha kusaidiwa kimeandikwa kuwa cha kufyatuka, aseme hapohapo, na neno lake liandikwe chini ya hati. Karatasi hiyo muikunje muiweke pamoja na vitambulisho vyenu.

Visu hivi vinne vitabaki mezani mpaka mkutano uishe. Anayetaka kuvishika na kuona springi ilipo aje mmoja mmoja, watoto wabaki na mama zao.